Kinanda Kibaki Nje

Alikuja Butihinda siku ya Jumanne, saa nane mchana, nikiwa uani napura maharage. Pikipiki ilimshusha barabarani, akakipanda kijia cha kwetu kwa miguu, nami nikamtambua kabla sijauona uso, kwa ule mwendo wake wa kutanguliza bega la kushoto. Bega hilo limebeba gita tangu akiwa kijana. Sikusimama. Niliendelea kuyapiga maharage kwa fimbo, na nadhani niliyapiga kwa nguvu kuliko yalivyostahili.

"Hodi, dada."

"Karibu. Kaa hapo kwenye gogo."

Viti vilikuwepo ndani, na yeye alijua vipo. Akakaa kwenye gogo.

Mtu huyo alikuwa mpiga gita wetu na kiongozi wa bendi yetu. Bendi yenyewe ilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, tulipokuwa vijana tusio na shamba wala kazi. Tulikuwa watano. Mmoja alikuwa seremala, na ndiye aliyetutengenezea vyombo: gita la kwanza na gita la besi aliyachonga kwa mbao za makasha ya msaada, nyuzi tukazitoa kwenye waya za breki za baiskeli. Wa pili alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa Muyinga mjini, aliyekuwa akipiga sanduku la mbao kwa viganja mpaka likasema. Msichana aliyekuja kuwa mke wake aliimba sauti ya pili, mimi niliimba ya kwanza. Hatukuwa na ngoma nyingine wala spika. Kaseti yetu ya kwanza tuliirekodi darasani, redio kaseti ikiwa juu ya dawati, sisi tumesimama nusu duara mbele yake kama watoto wanaongoja mtihani. Ukiisikiliza unamsikia mtu akikohoa. Unasikia mguu wa seremala ukipiga sakafu. Kaseti hiyo ilizunguka kambi nzima, ikavuka mpaka kabla yetu.

Tuliporudi nyumbani tukawa bendi ya arusi. Muyinga, Gashoho, Butihinda, mpaka Gitega walituita. Tukapata magita ya dukani. Kisha kiongozi wetu akaleta kinanda cha umeme. Mwanzoni kilichukua kazi ya sanduku, kwa kuwa mdundo ulikuwa ndani yake tayari. Halafu kikachukua kazi ya besi. Kilikuwa na kitufe ukikibonyeza wanaitikia wanawake, aaa, aaa, wanawake wasiochoka wala kuomba maji ya kunywa. Siku moja nilifika kwenye arusi Muyinga nimevaa kitenge kipya alichonishonea yule fundi, nikakuta muziki umeshaanza. Kiongozi alikuwa peke yake nyuma ya kinanda. Nilipomkaribia aliniinamia sikioni, akasema, "Leo nitatosha mwenyewe."

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyoiua bendi. Hapakuwa na ugomvi. Tulirudi nyumbani tu, kila mtu kwake, na miaka kumi na mmoja ikapita.

Sasa alikuwa amekaa kwenye gogo langu, anazungusha kofia mikononi.

"Nilikuwa soko la Gashoho wiki iliyopita," alisema. "Kuna mfanyabiashara wa nguo za mitumba, ana spika yake ndogo. Alikuwa anapiga kaseti yetu. Ile ya darasani. Mtu ameihamisha kwenye kadi ya simu. Wanawake wanachagua nguo huku wanatikisa vichwa. Nikamuuliza, hawa ni nani? Akaniambia, hawa ni wazee wa kambini, walishakufa wote."

Nikaiacha fimbo.

"Ukamjibu nini?"

"Nimekuja kwako." Akakohoa kidogo. "Nataka tutoe albamu. Sisi watano. Kwa sauti ile ya zamani."

"Kinanda?"

"Nimekifunika kitambaa."

"Sijakuuliza umekifunika nini. Nimekuuliza, kitakuwepo?"

"Hakitakuwepo."

"Apa."

Akaapa. Nikamuuliza kwa nini ameanza na mimi, akasema kwa sababu mimi ndiye mgumu kuliko wote, nikikubali mimi wengine watakubali. Nilicheka bila kutaka. Lakini sikumsamehe siku ile, na nilimwambia hivyo: kuimba nitaimba, kusamehe ni kazi nyingine. Kisha nikaingia ndani nikamletea kiti.

Mume wangu aliniuliza jambo moja tu: nani atachuma kahawa? Nikamwambia, wewe. Akaguna, akachuma.

Kanisani haikuwa rahisi. Nilikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, na habari ilifika kwa mchungaji kabla sijaipeleka mwenyewe. Jumapili baada ya ibada aliniita pembeni. Ni mtu mwema, mdogo kwangu kwa umri, na alianza kwa kunisifu, nikajua kinachokuja.

"Mama, huwezi kuongoza sifa asubuhi na kuimba dansi jioni. Watu watasema nini? Inabidi uchague."

"Mchungaji," nilimwambia, "nyimbo hizi niliziimba kambini, wakati hata kanisa lilikuwa turubai. Watu waliocheza nazo ndio hao hao waliosali chini ya turubai. Sikuona Mungu akiondoka tulipoanza kupiga gita."

"Nakuomba uchague."

"Nimeshachagua. Nitaimba zote mbili."

Wiki iliyofuata kwaya akapewa mama mwingine. Mimi nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na zaburi ilipoanza niliimba kama ninavyoimba siku zote. Nyumba ya Mungu ina kuta nne tu, sauti haiulizi umekaa wapi. Waliokaa mbele walikuwa wanageuka. Niliwatazama machoni mpaka wakageuka tena.

Muyinga tulikwenda mimi na kiongozi, lakini nilimwacha kituo cha basi nikatangulia peke yangu. Mwenzangu wa sauti ya pili anauza mafuta ya mawese mlangoni kwake, na mume wake, yule mpiga sanduku, ana cherehani mbili kwenye baraza lile lile. Tulikumbatiana sana. Kisha akasema kitu, nami nikashtuka. Nilikuwa nimesikia kwamba alipasuliwa uvimbe shingoni, ila sikujua kisu kimeacha nini. Sauti yake ilikuwa imeshuka na kukwaruza, kama inapita kwenye changarawe.

"Unasikia?" alisema. "Mi siko na sauti tena, ndugu yangu. Ilishaenda. Hii ni sauti ya mzee mwanaume. Watoto wa hapa wakinisikia kwa simu wananiita baba."

"Sauti iko," alisema mume wake, bila kuinua mguu kwenye pedali. "Ilihama nyumba tu."

"We nyamaza, fundi. We unasema hivyo kwa sababu unakula chakula yangu."

Nikamwambia aimbe. Akakataa. Nikaanza mimi, wimbo wetu wa foleni ya maji, ule tuliouimba kambini kila Jumamosi, na nilipofika kwenye kiitikio nikanyamaza, nikamtazama. Alishindwa kuuacha wimbo uning'inie hivyo. Akaingia. Sauti ilitoka chini, chini sana kuliko zamani, na ilibidi nami nishushe ya kwangu ili tukutane. Mteja aliyekuwa anangoja mawese aliweka dumu lake chini. Cherehani ilikuwa imesimama.

Tulipomaliza alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Bon, sawa," alisema. "Lakini huyo mwenye kinanda akuje hapa yeye mwenyewe. Asitume mtu."

Nikampigia simu. Alifika, akasimama mbele ya cherehani kama mteja aliyechelewa kuchukua nguo. Fundi alimaliza kwanza pindo la suruali aliyokuwa akiishona, akakata uzi kwa meno, ndipo akainua macho.

"We ulituambia utatosha. Ulitosha?"

"Sikutosha."

"Bon. Kunywa chai."

Msamaha wa fundi ulikuwa huo, na nilimwonea wivu. Wangu mimi ulikuwa bado umekwama mahali.

Seremala wetu siku hizi anaishi Ryansoro, kule kwa upande wa Gitega, ana karakana ya mabati na anatengeneza milango na vitanda. Tulipanda gari tukapitia Karusi, vumbi la kiangazi likiingia kwenye kila dirisha, tukafika kwake jioni tukiwa wekundu mpaka kope. Tulikuwa tumempigia simu, naye alikuwa ametengeneza sanduku jipya. Alikuwa amejaribu mbao tatu tofauti, na ya nne ndiyo iliyokubali. Fundi aliligonga mara moja kwa kidole cha kati, akatikisa kichwa, akaligonga pembeni, akatabasamu. Seremala alitosheka.

Kwa wiki moja tulifanya mazoezi kwenye karakana, tumesimama juu ya unga wa mbao. Vidole vya kiongozi vilikuwa vimelainika kwa kubonyeza kinanda, siku ya pili vikatoka malengelenge, siku ya nne vikatoka damu. Hakulalamika. Na mimi sikumpa pole.

Studio ilikuwa Gitega mjini, nyuma ya duka la simu, chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Prodyuza alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, aliyekulia Buyenzi huko Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini chenye Kifaransa ndani. Alitupokea kwa heshima, akatuita wazazi wake. Kisha akatuambia tutaingia mmoja mmoja.

"Mmoja mmoja vipi?" aliuliza seremala.

"Donc, we baba unapiga besi peke yako, unasikiliza hii tiki-tiki kwa masikio. Kesho mama anaimba juu yake. Mi nitaunganisha yote kwa mashine."

Tukakubali, maana tulikuwa kwenye nyumba yake. Kwa siku mbili tuliingia mmoja mmoja kama wagonjwa kwa daktari, tumevalishwa vile vifuniko vya masikio, mashine ikitugongea tiki, tiki, tiki. Niliuimbia ukuta wa trei za mayai. Nilifunga macho nikajaribu kuwaona wenzangu, sikuwaona. Mwenzangu alipotoka chumbani alisema, "Mule ndani mi nilikuwa kama naimba kaburini." Tukacheka, lakini si sana.

Siku ya tatu prodyuza alituita wote tusikilize wimbo wa kwanza. Akageuza kiti chake, akabonyeza.

Kwanza ulianza mdundo ambao fundi hakuupiga. Nyuma yake kikaingia kitu kama upepo mtamu, kinanda, kimejaa chumba kizima. Halafu nikasikia mwanamke anaimba maneno yangu. Alikuwa mimi, lakini mimi niliyepigwa pasi. Pale ambapo sauti yangu hupanda kwa kusuasua kabla ya kufika juu, ilikuwa imefika moja kwa moja, bila jasho. Na kwenye kiitikio, mahali pa mwenzangu, palikuwa na msichana. Sauti nzuri, nyepesi, safi.

"Huyu ni nani?" niliuliza.

"Ni dada moja hapa Gitega, anaimba vizuri sana, mama. Unaona, ile sauti ya mama mwingine iko na problème kidogo. Watu ya sasa hawataelewa."

Mama mwingine alikuwa amekaa hapo hapo, hatua mbili kutoka kwake. Aliinamisha kichwa akaanza kuufunga upya mtandio wake, ambao haukuwa umefunguka.

Nikamtazama kiongozi wetu. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda na mdundo.

"Si mbaya," alisema taratibu. "Inapendeza kidogo."

Nilisimama.

"Toa," nilimwambia prodyuza.

"Nitoe nini, mama?"

"Kila kitu ambacho hatukukiimba wala kukipiga sisi."

"Mama, nikitoa hivyo vyote itabaki kidogo sana."

"Hicho kidogo ndicho sisi."

Alijaribu kunieleza, kwa upole, na sisemi alikuwa mtu mbaya. Alisema redio haitaupiga. Alisema vijana wanataka mdundo wa kuwatikisa tumbo. Alisema yeye anajua soko. Nikamwambia mimi pia najua soko, nimeuza maharage maisha yangu yote, na sijawahi kumwuzia mtu maharage ya mwenzangu nikamwambia ni ya kwangu. Mwenzangu huyu aliimba wimbo huu wakati hata maji ya kulainisha koo hatukuwa nayo. Kama sauti yake imechakaa, imechakaa kwa haki. Ukimwondoa yeye, niondoe na mimi, halafu uitoe hiyo albamu kwa jina la huyo msichana, na tutamtakia heri.

Fundi alikuwa ameshalitia sanduku kwapani. Seremala alifungua mlango, akageuka.

"Sisi tunaenda kupiga Ryansoro, kwangu. Wote pamoja, mara moja. Ukipenda, kuja na mikro yako."

Tukatoka wanne. Kiongozi alibaki kwenye kiti.

Tulisimama kando ya barabara, hapo wanapoegesha pikipiki, jua la Gitega likituchoma, na hakuna aliyesema twende wala tumngoje. Mimi nilitaka twende. Nilikuwa naisikia tena ile "leo nitatosha mwenyewe", na nilisema moyoni kwamba mtu hafunzwi mara mbili. Zilipita kama dakika kumi. Kisha mlango wa duka la simu ukafunguka akatoka, gita begani, anatembea haraka.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwenzangu. "Nilibaki ili aifute ile sauti ya yule msichana," alisema. "Nilitaka nione mwenyewe."

"Na ameifuta?"

"Ameifuta. Nimeona kwa macho yangu. Na kinanda pia." Akatugeukia sote. "Nilisema inapendeza. Nilikosea. Nimekosea mara mbili maishani, na zote mbili mlikuwepo."

Mwenzangu akampokea begi alilolishika kwa mkono mwingine, akalining'iniza begani kwake. Hapo ndipo na msamaha wangu ulipokwamuka. Sikumwambia. Nilimwita tu mwenye pikipiki.

Prodyuza alikuja Ryansoro Jumamosi. Sikutegemea. Alishuka na maikrofoni mbili na kompyuta kwenye begi la mgongoni, viatu vyake vyeupe vimekuwa rangi ya matofali, na alisema hajaja kwa sababu tuna haki, amekuja kwa sababu hakulala vizuri. Aliingia karakana, akapiga makofi mara moja, akasikiliza. Akasogea kwenye rundo la mbao, akapiga tena. Akainama akashika unga wa mbao chini, akauchuja kwenye vidole.

"Hapa panameza sauti vizuri kuliko kwangu," alisema, kama mtu anayekiri dhambi.

Akatupanga nusu duara. Hatukumwambia afanye hivyo. Seremala upande mmoja, kwa kuwa besi yake nzito, fundi chini kwenye sanduku, kiongozi katikati, sisi wanawake wawili bega kwa bega mbele ya maikrofoni moja. Hakuna tiki-tiki. Seremala alihesabu kwa mguu.

Tulirekodi nyimbo nane kwa siku mbili. Aliyekosea aliturudisha wote mwanzo, kwa hiyo tulikasirikiana, tukabembelezana. Mimi nilisahau ubeti wa tatu wa wimbo wa foleni ya maji mara tatu mfululizo, wimbo niliotunga mwenyewe, mpaka mwenzangu akaanza kuninong'oneza neno la kwanza la kila mstari kama mtoto wa shule. Jirani wa seremala, bibi mmoja mnene, alikuwa anapasua kuni nyuma ya ukuta. Prodyuza alikwenda kumwomba apumzike kidogo. Tulimsikia akijibu kwa Kirundi, kwa sauti ambayo haikuhitaji maikrofoni, kwamba yeye yuko kwake, na kwamba kuni hazijipasui kwa sababu ya nyimbo. Nilimpenda hapo hapo. Tulirekodi katikati ya mapigo yake ya shoka, na kwenye wimbo wa tano shoka limesikika wazi, na tulipiga kura likabaki.

Ulipofika wimbo wa mwisho, betri ya kompyuta ilikuwa karibu kuisha. Ni wimbo ambao sauti ya pili inaanza peke yake, bila gita. Zamani aliuanza juu, laini. Sasa alivuta pumzi, akauanza chini, na ile sauti ya changarawe ikajaa karakana. Nilipoingia mimi niliingia juu yake kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga daraja ambalo lilibomoka na limejengwa upya. Hatukurudia. Prodyuza alivua vifuniko vya masikio, akabaki anaangalia sakafu.

"C'est bon," alisema. "Mi sitagusa kitu hapo."

Na kweli hakugusa.

Sitadanganya kwamba dunia ilisimama. Redio moja ilituambia sauti haina ubora wa kisasa. Nyingine iliupiga wimbo wetu mmoja Jumapili mchana, kwenye kipindi cha nyimbo za zamani, na mtangazaji akasema ni kumbukumbu kutoka kambini, ya miaka mingi iliyopita. Nilikuwa jikoni. Nilinawa mikono nikampigia.

"Wimbo huo tumeurekodi kiangazi hiki," nilimwambia. "Hapa hapa nchini. Na ninayeongea na wewe kutoka Butihinda ndiye anayeimba."

Nikiwa bado kwenye laini, nikamsikia kwenye redio yangu jikoni akiwaambia wasikilizaji kwamba mama mmoja kutoka Butihinda amemkosoa, na kwamba hii si kumbukumbu, ni albamu mpya. Aliupiga tena wote.

Muyinga nyimbo zinatembea kwa kadi za simu, kama kaseti ile ilivyotembea zamani. Kuna wanaosema tungeongeza mdundo. Kuna kijana aliyemwuliza fundi, mzee anayeimba sauti ya pili ni nani? Mkewe alipoambiwa alicheka mpaka akashika mlango. "Mwambie huyo mzee anauza mawese hapa," alisema. "Akuje anunue, atamwimbia." Siku zile za kuficha koo lake kwa mtandio zimekwisha. Kovu liko wazi, na anaongea na wateja kwa sauti ile ile anayoimbia.

Kwaya sijarudishiwa, wala sijaiomba. Mchungaji hunisalimia vizuri, na mimi humsalimia vizuri. Niko benchi la mwisho, na akina mama wawili wa kwaya wamehamia karibu nami, wanasema mlangoni kuna hewa.

Mwezi uliopita tulikutana tena kwenye baraza la cherehani, kwa ajili ya wimbo mpya. Umetungwa na mwenzangu, wa kwanza maishani mwake. Anasema hakuwahi kutunga kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na alituangalia mmoja mmoja aliposema hivyo. Unahusu mwanamke anayerudi nyumbani na kukuta jirani amepanda mihogo mlangoni pake. Kiongozi alitafuta ufunguo wa wimbo kwenye gita, akauliza tuanze vipi.

"Mi naimba ya kwanza," alisema mwenzangu. "Yeye ataimba ya pili."

Yeye nilikuwa mimi. Nilifungua mdomo nikataka kubisha. Sijawahi kuimba sauti ya pili tangu nizaliwe, na umri wangu si wa kuanza shule. Fundi aliacha kazi kunitazama. Wote walikuwa wananitazama, na kiongozi alikuwa na kicheko kwenye pembe ya mdomo, mtu ambaye anajua mimi ni mgumu kiasi gani.

"Nipe noti," nilimwambia.

Akanipa. Niliikosa. Akanipa tena.